Siku Nne Bila Seva: Tuliyoyaona Baada ya Kubadilisha Kadi ya Hifadhi

(Ifuatayo ni mada iliyotolewa na kitengo cha kompyuta kwenye semina ya kamati za parokia na wafadhili, mjini Tabora.)

 

 Ratiba inasema tuzungumzie maendeleo ya mfumo wa kompyuta. Tumemwomba mwenyekiti ruhusa tuzungumzie siku nne ambazo mfumo huo haukufanya kazi kabisa. Wengi wenu mlizisikia habari hizo nusu nusu, na wengine mliambiwa kwamba kumbukumbu za wagonjwa zimepotea zote. Hazikupotea. Lakini zilikaribia kupotea, na mkono uliotaka kuzipoteza haukuwa wa radi. Ulikuwa wa kwetu sisi mafundi.

Kituo chenyewe hatutakitaja kwa jina, maana watumishi wake hawakuwa na kosa lolote. Inatosha kusema ni kimojawapo cha vituo vya afya tunavyovihudumia huku magharibi, na kwamba kilipokea zawadi ya mitambo iliyokwisha kutumika Ulaya: seva mbili, swichi moja, na kabati moja kubwa la diski. Seva ya kwanza ina kumbukumbu za wagonjwa na maabara. Ya pili ina stoo ya dawa na hesabu za fedha.

Hapa tunaomba mtuvumilie kidogo, kwa sababu bila kuelewa jambo hili mengine yote yatakuwa kelele tu. Kompyuta ya ofisi ya parokia ina diski tumboni mwake. Ukibonyeza kitufe, inasoma kutoka kwenye diski hiyo na kuwaka. Seva tulizopewa hazina diski ndani. Kila kitu chake, hata ile programu endeshi inayoifanya iamke, kimewekwa kwenye kabati lililo upande wa pili wa chumba. Kati ya seva na kabati kuna kadi iliyochomekwa ndani ya seva, waya wa mwanga, swichi, na waya mwingine wa mwanga. Kwa hiyo kila asubuhi seva hii inapowashwa, inasafiri kwanza ndipo iamke.

Sisi wa Tabora habari za safari tunazijua. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 na kufika hapa Kaze mwezi Novemba. Katika baadhi ya nchi za njiani misafara ilidaiwa hongo, na mizigo haikusogea mpaka hongo iishe. Mwaka 1871 Stanley alikwama hapa hapa kwa sababu vita ya Mirambo ilikuwa imefunga njia ya Ujiji, ikambidi azunguke kusini. Na pale Kwihara, Livingstone alikaa miezi kadhaa ya mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Wapagazi hao walipofika ndipo safari yake ilipoendelea.

Sasa tuseme msafara umepoteza kirangozi wake njiani, yule anayetangulia mbele, na umeajiri mwingine. Mizigo ni ile ile na wapagazi ni wale wale. Lakini kwenye kila lango mlinzi anauliza: huyu ni nani? Mtunza ghala naye anasema hamfahamu, hatoi kitu. Mtu akiuangalia msafara kutoka mbali atadhani mali imeibwa, kumbe mali iko ghalani salama, na kilichobadilika ni sura ya anayeidai. Hivyo ndivyo ilivyo seva inapobadilishiwa kadi ya hifadhi. Tungelikumbuka hilo usiku ule, tusingefika pale tulipofika.

Tukio lilianza na mvua za kwanza za Novemba. Mnazijua radi za mwezi huo. Moja ilipiga karibu na kituo, umeme ukaruka, na kadi ya seva ya kwanza ikaungua. Seva ya pili ilinusurika. Asubuhi mapokezi walitupigia simu kwamba kioo kinasema hakuna diski ya kuwashia. Tulifika mchana, tukachomoa kadi, tukaona doa jeusi. Hapo hatukuwa na wasiwasi, kwani kadi ni kitu cha kununua.

Tukaagiza kadi Dar es Salaam ikaja na basi la usiku. Na hapa ndipo kosa la kwanza. Tulinunua kadi mpya kabisa, ya kasi ya gigabiti 32 kwa sekunde, kwa kuamini kwamba kipya ni bora. Swichi yetu ni ya zamani, kasi yake ni gigabiti 4. Kadi za aina hii kwa kawaida huweza kuteremka vizazi viwili nyuma: ya 32 huteremka hadi 16 na 8, ya 16 huteremka hadi 8 na 4. Ya 32 na swichi ya 4 hazina lugha ya pamoja. Taa ya kadi haikutulia hata mara moja. Tulibadilisha waya, tukafuta vumbi kwenye ncha zake, tukalaumu fundi aliyefunga waya miaka ile, mpaka jioni mmoja wetu akasoma karatasi iliyokuwa ndani ya boksi. Siku ya pili ikawa imekwisha na fedha za wahisani zimekaa mezani bila kazi. (Kadi ile ilirudishwa dukani, lakini kwa kukatwa. Mtaiona kwenye taarifa ya fedha.)

Kadi ya pili, ya gigabiti 16, ilifika siku ya tatu. Ilikuwa ya kampuni tofauti na ile iliyoungua. Ya zamani ilikuwa QLogic, hii ilikuwa Emulex. Taa ikatulia, tukapeana mikono. Tukawasha. Kioo kikasema yale yale: hakuna diski.

Kadi hizi mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimefungwa uwezo wa kuwashia seva, kwa sababu wengi huzitumia kwa kuhifadhi data tu. Ni lazima uingie kwenye mipangilio ya kadi wakati seva inaanza, kwa Emulex unabonyeza Ctrl na E, kwa QLogic Ctrl na Q, ukafungue uwezo huo, uoneshe diski unayotaka kuwakia, kisha urudi kwenye mipangilio ya seva yenyewe na kuiweka kadi hiyo mbele kwenye orodha ya kuwashia. Hilo tulilijua, tukalifanya. Lakini kadi ilipotafuta diski haikuona hata moja.

Kila kadi ya namna hii ina namba yake ya pekee, jozi nane za tarakimu na herufi, iliyoandikwa kiwandani. Za Emulex nyingi huanza na 10:00:00:00:c9, na za QLogic za zamani 21:00:00:e0:8b. Swichi yetu ilikuwa imepangwa kwa namba hizo: kadi yenye namba fulani iruhusiwe kuonana na kabati, nyingine zisiruhusiwe. Kabati nalo lina orodha yake: fungu hili la diski ni la mwenye namba hii tu. Kadi mpya ilikuja na namba mpya. Kwa swichi ilikuwa mgeni, na kwa kabati ilikuwa mgeni vile vile. Malango mawili, na yote mawili yalifungwa kwa haki.

Lililotakiwa lilikuwa jambo la dakika chache. Ilitakiwa kusoma namba kwenye kibandiko cha kadi mpya, kufuta ile ya zamani kwenye swichi na kuandika mpya, kisha kufanya hivyo hivyo kwenye kabati, kwenye fungu la seva ya kwanza peke yake. Lakini ilikuwa saa nne usiku. Watu walikuwa wamesimama mlangoni. Tukasema, tufungue yote, tutapanga kesho. Tukaondoa mipaka kwenye swichi, na kwenye kabati tukaipa kadi mpya ruhusa ya mafungu yote.

Ndugu zetu, hili ndilo tunalotaka mlielewe vizuri hata kama mengine yatawapita. Mafungu yote maana yake ni pamoja na fungu la seva ya pili, lile la dawa na fedha, ambayo wakati huo ilikuwa inafanya kazi. Diski moja kuandikiwa na seva mbili zisizojuana ni kama daftari moja la hesabu kuandikwa na makarani wawili waliofumba macho. Haliharibiki ukurasa mmoja, huharibika lote. Mipaka ile haikuwekwa kwa ajili ya kutusumbua.

Basi, tulipofungua, seva ya kwanza ikaanza kuwaka. Ile orodha ya Linux ikatokea, tukashangilia. Baada ya dakika moja ikasimama katikati, ikasema haipati diski yake kuu. Tukajaribu tena, ikawa hivyo hivyo. Tukaambizana kwamba programu endeshi imeharibiwa na radi, na kwamba dawa yake ni kuiweka upya. Tukatia CD ya kusakinisha. CD ikasoma, ikaleta orodha ya diski mbili zinazolingana ukubwa, bila majina, ikauliza tuweke kwenye ipi, ikionya kwamba vilivyomo vitafutwa.

Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Mhasibu wa kituo, mama mtu mzima ambaye hakuwahi kudai kwamba anajua kompyuta, alikuwa amekaa nyuma yetu akisubiri. Akauliza, "Wanangu, hiyo ya juu ni ya wagonjwa au ni ya kwangu?"

Hatukuweza kumjibu. Tulitazamana. Mmoja akasema ya juu ni ya wagonjwa, mwingine akasema ya chini. Mama akasema, "Basi kalaleni." Tukazima seva na kwenda kulala, na tunamshukuru mpaka leo.

Asubuhi ya siku ya nne, baada ya chai, tulifanya lile tulilotakiwa kulifanya tangu mwanzo: tulichukua karatasi na kuifuata njia tangu mwanzo wake, huku tukijiuliza seva inasimama wapi hasa. Maana mahali inaposimama panasema mengi. Kama taa ya kadi haitulii, usiguse programu wala kabati. Tatizo liko kwenye waya, kwenye kile kipande cha kuingizia waya, au kwenye kasi. Kama taa imetulia lakini kadi haioni diski hata moja, matatizo yako kwenye ruhusa za swichi au za kabati. Kama kadi inaiona diski lakini seva inasema haina cha kuwakia, rudi kwenye mipangilio ya kadi na orodha ya kuwashia, na uangalie pia kama seva ilikuwa inawaka kwa mtindo wa zamani wa BIOS au kwa UEFI, kwa sababu ukibadilisha hilo bila kujua utatafuta kosa mpaka jioni. Lakini kama orodha ya programu endeshi imeonekana kisha safari ikakatika, basi waya, swichi na kabati vyote ni vizima, kwa kuwa orodha yenyewe imesomwa kutoka kwenye kabati! Hilo lilikuwa mbele ya macho yetu usiku uliopita na hatukuliona.

Kwanza tukarudisha mipaka. Kwenye swichi, kadi mpya ionane na kabati tu. Kwenye kabati, kadi mpya ipate fungu la kwanza tu. Tukaangalia kwamba seva ya pili bado inafanya kazi na stoo inafunguka. Moyo ukatulia.

Kisha tukashughulikia ile safari iliyokatika katikati. Programu endeshi inapoanza hupakia kwanza kifurushi kidogo chenye vitu vya lazima, na ndani yake mna dereva za vifaa. Linux tuliyonayo ni ya jamii ya Red Hat, na hiyo hutengeneza kifurushi hicho kwa kuangalia vifaa vilivyopo siku hiyo, ili kiwe chepesi. Siku kilipotengenezwa kulikuwa na kadi ya QLogic, ambayo dereva yake huitwa qla2xxx. Kadi ya Emulex hutaka dereva iitwayo lpfc, na hiyo haikuwemo. Basi seva ilianza safari kwa msaada wa kadi yenyewe, ikafika mahali pa kutumia dereva wake, ikajikuta haina. Haikuharibika chochote.

Kumbe kwenye orodha ile ile ya kuwashia, chini kabisa, kulikuwa na chaguo la uokoaji, ambalo kifurushi chake hubeba dereva za kila aina. Tukalichagua. Seva ikawaka. Tukaandika amri moja, dracut -f pamoja na jina la toleo la kawaida, ili kifurushi kitengenezwe upya kikiwa na kadi mpya. Tukawasha upya kwa njia ya kawaida. Saa tisa alasiri mapokezi walimfungulia mgonjwa wa kwanza faili lake. Ingelikuwa ni Windows tungepata kioo cha buluu chenye namba 7B, maana yake ni ile ile, diski ya kuwakia haifikiki, na dawa yake bora ni kuweka dereva ya kadi mpya kabla ya kuitoa ya zamani. Kwa kadi iliyokwisha kuungua, ushauri huo unachelewa.

Mtauliza, je, nakala za akiba hazikuwepo? Zilikuwepo. Kila Ijumaa zilinakiliwa kwenye diski ya nje na kufungiwa kabatini. Lakini hatukuwahi hata siku moja kujaribu kurudisha kitu kutoka kwenye nakala hizo. Tulipojaribu wiki iliyofuata, ya wagonjwa ilirudi vizuri, ya stoo ya dawa iligoma. Ilikuwa inanakiliwa ikiwa wazi na inaandikwa, kwa hiyo haikukamilika. Hebu fikirini tungekuwa tumebonyeza kitufe kile usiku ule, na diski ya juu ikawa ndiyo ya mama.

Kilichookoa huduma kwa siku nne ni vitabu vya MTUHA. Wauguzi hawakuacha kuandika kwenye rejista za karatasi hata baada ya kompyuta kuja, pamoja na kwamba sisi wenyewe tuliwahi kuwatania kwa hilo. Hakuna mgonjwa aliyerudishwa nyumbani. Kuingiza siku hizo nne kwenye kompyuta kulichukua muda mrefu kuliko matengenezo yenyewe.

Sasa maombi yetu kwa kamati. Kwenye mlango wa ndani wa kabati la seva tumebandika karatasi yenye namba za kadi zote, tundu la swichi ambalo kila waya umechomekwa, na fungu la diski la kila seva likiwa na jina na ukubwa wake. Kwenye kabati la diski lenyewe tumeyapa mafungu majina yanayosomeka, badala ya namba tupu. Tunaomba karatasi ya pili ikae kwa katibu wa kamati, na nywila za swichi na kabati zikae kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri katika kasiki ya parokia. Usiku ule nywila zilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo husafiri kwa pikipiki.

Tunaomba pia kamati iwe na mamlaka ya kusema "kalaleni". Fundi aliyechoka hawezi kujiambia mwenyewe. Tumekubaliana kwamba hakuna kusakinisha upya wala kufuta diski yoyote mpaka mjumbe mmoja wa kituo aoneshwe kwenye karatasi ni fungu la nani, naye aweke sahihi.

Kwa upande wa wafadhili wetu, tunaomba tuseme kwa heshima na bila kuficha. Zawadi ile ilikuwa njema, na bado inafanya kazi. Lakini kila seva ina nafasi ya kadi mbili, na kila moja ilikuja na kadi moja. Mitambo ya aina hii ilibuniwa iwe na njia mbili, kadi mbili na swichi mbili, ili moja ikifa nyingine iendelee na pasiwe na haraka ya usiku. Sisi tulipewa mtambo wenye njia moja, tukaupokea kwa vigelegele bila kuuliza. Kuuliza kulikuwa juu yetu. Tunaomba katika awamu ijayo, kabla ya kompyuta mpya za ofisini zilizo kwenye bajeti, zinunuliwe kadi mbili za akiba za aina ile ile tuliyonayo sasa, swichi ya pili, na kinga ya radi yenye waya wa ardhini uliopimwa na fundi umeme. Kama fedha haitoshi kwa vyote, tungeanza na kinga ya radi na kadi. Swichi isubiri.

Na kama kituo kingine kinataka kuanza, maoni yetu ni kwamba kituo kidogo kisichukue mtambo wa namna hii hata kama ni wa bure. Seva ya kawaida yenye diski mbili ndani yake, moja ikiwa kivuli cha nyingine, inakitosha, na mafundi wa hapa mjini wanaiweza. Wapo wenzetu ndani ya kitengo wasiokubaliana na maoni haya, na mkipenda watajieleza wenyewe wakati wa maswali.

Nakala za ile karatasi ya mlangoni zimewekwa mezani karibu na mlango, moja kwa kila kamati. Nafasi za namba tumeziacha wazi. Wenye seva wazijaze kabla ya mvua kuanza, na kwa kadi zilizo ndani ya mashine inayofanya kazi msizichomoe ili kusoma kibandiko, namba huonekana pia kwenye orodha ya swichi. Mhasibu wetu yupo hapa, safu ya pili, na amekubali kujibu maswali ya upande wa hesabu baada ya chai.